Mbona Wakristo Hatuna Mahakama Yetu?



Swali hili nimeulizwa na VIWAWA, nimeulizwa na TYCS, na kila mara linakuja kwa maneno karibu yaleyale: "Frateri, Waislamu wana Kadhi, sisi mbona hatuna mahakama yetu? Biblia si ipo?" Wengine wanauliza kwa utani. Wengi wanauliza kwa sababu nyumbani kuna kesi. Kuna shamba linagombewa, kuna mjomba amekopa hela za kahawa na msimu umepita hajarudisha, kuna ndoa ya dada inayumba. Mahakama ya serikali inataka nauli, inataka mashahidi, kesi inapigwa kalenda mpaka mtu anachoka, na hata anayeshinda anarudi kijijini akiwa amempoteza ndugu. Kwa hiyo swali ni la kweli, tusilijibu kwa "tusali tu".

Wazo lenyewe si geni. Majirani zetu Kenya waliwahi kuliandika kabisa. Rasimu ya katiba iliyopigiwa kura ya maoni tarehe 21 Novemba 2005 ilikuwa na kipengele cha mahakama za dini: za Kadhi, za Kikristo, za Kihindu. Wananchi waliikataa rasimu nzima, kwa sababu nyingi ambazo hazikuhusu dini hata kidogo, na katiba ya mwaka 2010 ikabaki na Mahakama za Kadhi ambazo pwani wanazo tangu zamani. Mahakama ya Kikristo ikaishia kwenye karatasi.

Kwetu Ruvuma naona mambo yako tofauti kidogo. Mahakama tunazo. Tunachokosa ni kujua kila moja inaishia wapi.

Kuna ile ya jimbo. Kwa sheria ya Kanisa, askofu ndiye hakimu wa kwanza katika jimbo lake, na Jimbo la Mbinga limekuwa na askofu wake tangu lilipomegwa kutoka Songea mwaka 1986. Kazi hiyo askofu huifanya kupitia mapadre waliosomea sheria, na mashauri karibu yote ni ya ndoa: je, ndoa hii ilifungwa kweli, au ilikosa kitu tangu mwanzo? Mwaka 2015 Papa Fransisko alifupisha njia hiyo, akaondoa lile sharti la hukumu mbili zinazokubaliana, akahimiza watu wasitozwe kadiri inavyowezekana. Napita haraka hapa maana wengi wenu ndoa bado. Mimi ndiyo kabisa, mnajua.

Kuna pia mlango ambao serikali yenyewe imeuacha wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani kuomba talaka, na inamruhusu waziri kuitambua kamati ya jamii fulani ya watu, ikiwemo jamii ya dini, ifanye kazi hiyo kwa watu wake. Angalia neno lililotumika: usuluhishi. Baraza hilo halina uwezo wa kuvunja ndoa wala kugawa mali. Linasikiliza, linajaribu kupatanisha, likishindwa linaandika kwamba limeshindwa.

Halafu kuna mahakama ambayo haina jengo, haina muhuri, na ndiyo inayosikiliza kesi nyingi kuliko zote. Inakaa Jumamosi asubuhi sebuleni kwa mtu, baada ya somo na nia za sala, mwenyekiti akishasema "kabla hatujafunga, kuna jambo moja". Kila mtu anajua jambo gani. Jumuiya ndogo ndogo. Ikishindwa inapanda kigangoni, katekista anakaa na wazee. Ikishindwa inafika mezani kwa paroko. Hapo ndipo nataka tukae leo.

Jambo hili halikuletwa na mmisionari. Wamatengo walikuwa na sengu. Wazee wa ukoo walikutana kwa mkuu wa familia, wakala pamoja, wakazungumza ya mashamba na ya watoto, na aliyekuwa na ugomvi na nduguye akausema hapohapo. Mpangilio huo una akili. Ukishamega ugali na mtu kwenye sahani moja, unapata tabu kumdanganya usoni dakika kumi baadaye. Na waliogombana walikuwa wanalima mteremko mmoja. Anayejua ngoro anajua: yale mashimo yanashikana, maji yanatoka shimo hadi shimo, jirani akiharibu yake ya juu, udongo unakuja kwako. Watu wa namna hiyo hawawezi kuhukumiana halafu kila mmoja akaenda zake. Wanabaki palepale kesho. Ndiyo maana jumuiya ilipokuja, ilikuta kiti kimeshawekwa.

Kule ziwani mambo ni hayohayo kwa sura nyingine: nyavu zilizokatwa, mtumbwi ulioazimwa ukarudi umepasuka, dagaa waliouzwa bila mwenzako kujua. Ila kule kuna swali moja la ziada. Mbamba Bay ukikutana na Mkatoliki, Liuli utakutana na Mwanglikana, matunda ya ile misheni ya UMCA. Wakigombana wawili hao juu ya wavu mmoja, wakaketi kwenye mahakama ya Maandiko, ni kwa paroko yupi? Biblia yao ni moja, karibu. (Hiyo "karibu" nitairudia, maana kuna kitabu kimoja ambacho Waanglikana wamekiweka pembeni na ambacho sisi tunakihitaji sana katika jambo hili.)

Sasa Maandiko yenyewe. Andiko linalotajwa kila mara ni 1 Wakorintho 6:1-8. Paulo amekasirika. Wakristo wa Korintho wanashtakiana mbele ya mahakimu wasioamini, naye anawauliza kama kweli hakuna hata mmoja kati yao mwenye hekima ya kuamua kati ya ndugu na ndugu. Kisha anakwenda mbali zaidi: anawauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeisikia ikitumika vibaya, tena na watu wanaosali sana. Ngoja niweke mfano. Ni mfano tu, lakini kila parokia ya Umatengoni itautambua. Mume amefariki. Mjane ana watoto watatu na shamba la kahawa ambalo yeye na marehemu walilipanda pamoja. Shemeji anasema shamba ni la ukoo. Mjane anataka kwenda kwenye Baraza la Ardhi la kijiji. Mwenyekiti wa jumuiya anaitisha kikao, anafungua Biblia, anasoma Wakorintho, anamgeukia mama: "Dada, Paulo anasema afadhali kudhulumiwa. Usimpeleke ndugu yako kwa watu wa nje." Shemeji anaitikia amina kwa sauti kubwa.

Kosa liko wapi? Maneno ni ya Paulo, hayakubadilishwa. Kilichobadilika ni nani anamwambia nani. Yako maneno ambayo ni ya kweli mtu akijiambia mwenyewe, na yakigeuzwa kuwa amri kwa mwingine yanakuwa kitu kingine kabisa. "Nimesamehe" ni neno la aliyeumizwa. Mimi siwezi kusamehe deni unalodaiwa wewe na wala siwezi kusamehe deni analokudai mwingine. Nikijaribu, sijasamehe, nimeiba. Kukubali kudhulumiwa kwa ajili ya Kristo ni tendo la mtu huru. Likitolewa kama hukumu na wazee watano wasiopoteza hata mche mmoja wa kahawa, hilo ni dhuluma ya pili iliyovaa nguo za Jumapili. Na ukimsoma Paulo vizuri, mstari wa 8 anawageukia wadhulumaji wenyewe: ninyi ndio mnaodhulumu, tena ndugu zenu. Mbona kwenye kikao kile mstari wa 8 haukusomwa? Ulikuwa unamhusu shemeji.

Hapa ndipo ugumu wa mahakama "inayoongozwa na Maandiko" unapoanza kuonekana. Andiko halijichagui lenyewe. Mama angeweza kufungua Kumbukumbu la Torati 27:19, laana kwa anayepotosha haki ya mjane. Shemeji angeweza kufungua Kumbukumbu 25 na kudai kumrithi kabisa. Watoto wa kike wangeweza kwenda Hesabu 27, pale mabinti watano wa Selofehadi waliposimama mbele ya Musa kudai shamba la baba yao, Musa akapeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Lakini endelea hadi Hesabu 36 uone: wazee wa ukoo wanarudi kulalamika kwamba mabinti wakiolewa kabila lingine ardhi itaondoka. Maneno yaleyale ya wazee wetu! Na wanapewa sehemu ya jibu: mabinti wabaki na ardhi, ila waolewe ndani ya kabila la baba yao. Kwa hiyo pande zote zina aya. Anayeamua aya ipi isomwe kwanza, huyo ndiye hakimu, hata kama anasema anayehukumu ni Neno la Mungu.

Tena Maandiko hayatupi ukweli wa tukio. Yanatuambia tusihamishe mpaka wa jirani. Hayatuambii ule mti wa mpaka ulikuwa wapi kabla haujakatwa. Sulemani, mfalme mwenye hekima kuliko wote, alipoletewa wanawake wawili na mtoto mmoja, hakunukuu hata sheria moja ya Musa. Aliwatazama. Aliwapima kwa jaribio, akajua yupi ni mama.

Na sasa kile kitabu nilichoahidi. Wakatoliki tuna Danieli sura ya 13, habari ya Suzana. Isome yote leo usiku, haimalizi robo saa. Waisraeli wako uhamishoni Babeli, hawana dola yao, kwa hiyo wana kitu kilekile ambacho vijana mnakiulizia: mahakama ya watu wa imani, yenye wazee walioteuliwa, inayofuata Torati. Inakaa nyumbani kwa mtu, kwa Yoakimu, kama jumuiya. Wazee wawili wanamtaka mke wa mwenye nyumba. Anakataa. Wanamshtaki kwamba wamemfumania na kijana. Sheria ya Musa inajulikana, mashahidi wako wawili kama sheria inavyotaka, na mkutano unaamini. Kwa nini unaamini? Andiko linasema wazi: kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi wa watu. Hakuna aliyemuuliza Suzana. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Kumbuka, kila kitu kilikuwepo. Sheria ya Mungu ilikuwepo, wazee walikuwepo, mashahidi, mkutano, hata nyumba ilikuwa ya mcha Mungu. Na mahakama hiyo ilikuwa inamwongoza mtu asiye na hatia kwenda kuuawa. Aliyemwokoa ni kijana. Danieli hakuleta andiko jipya. Alifanya kitu ambacho karani yeyote wa Mahakama ya Mwanzo angekielewa: aliwatenganisha mashahidi, akamuuliza kila mmoja peke yake, ulikuwa mti gani? Kila mmoja akataja mti wake.

Mimi naiona sura hii kama zawadi ya Mungu kwa kila jumuiya inayosikiliza kesi. Roho Mtakatifu ameacha ndani ya Biblia kumbukumbu ya mahakama ya kidini iliyokosea, ili tusije tukadhani kwamba kusoma somo kabla ya kikao kunatosha.

Lakini Suzana ni zamani na Babeli ni mbali. Ziwa letu lina habari yake. Ukishuka kusini mwa Nyasa unafika Nyanda za Shire, na huko mwaka 1876 Wapresbiteri wa Scotland walianzisha misheni ya Blantyre. Serikali ilikuwa bado. Watu waliokimbia vita na biashara ya watumwa walikuja kuishi chini ya ulinzi wa misheni, na palipo na watu pana wizi, ugomvi, hata mauaji. Nani aamue? Wamisionari wakajifanya mahakimu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja kuhubiri, na walipoona hakuna mwenye kushika sheria waliishika wao. Wakafunga watu, wakachapa viboko. Mwaka 1879 mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji aliuawa kwa risasi kwa hukumu ya misheni, na mwingine, mtuhumiwa wa wizi, alikufa kutokana na viboko. Msafiri mmoja, Andrew Chirnside, aliyaandika hayo kwenye kijitabu mwaka 1880, Scotland ikatikisika, kanisa lao likatuma watu kuchunguza, na mwaka 1881 kiongozi wa misheni, Duff Macdonald, akaondolewa.

Tusiwacheke Wapresbiteri. Freretown, Mombasa, kwa Waanglikana wa CMS, malalamiko ya viboko yalizuka miaka hiyohiyo, na vijiji vyetu Wakatoliki vya watumwa waliokombolewa, kama Bagamoyo, havikuwa mahali pa kulegea. Ninachotaka tuone ni hatua ndogo iliyowapotosha watu wazuri. Kusikiliza shauri ni kazi ya Kikristo. Kumpatanisha ndugu na ndugu ni kazi ya Kikristo. Siku uliposhika kiboko ili uamuzi wako utekelezwe, umevuka mto, na hakuna ukurasa wa Agano Jipya unaokusindikiza ng'ambo ile.

Mtakatifu Thomas wa Akwino analisema hili kwa utaratibu wake. Anauliza: kuhukumu ni halali? Anajibu kwamba ni halali yakiwepo mambo matatu, yaani moyo unaotaka haki, mamlaka juu ya unayemhukumu, na busara ya kuujua ukweli. Likikosekana la kwanza, hukumu ni potovu. Likikosekana la tatu, ni ya kukurupuka, ya kushuku tu. Likikosekana la pili anaiita hukumu ya kunyang'anya, hata kama umeamua sawasawa. Hapo pana uzito. Unaweza kuwa na nia njema, ukajua ukweli wote, ukaamua kwa haki, na bado ukawa mnyang'anyi, kwa sababu kiti ulichokalia hakikuwa chako.

Sasa mtasema, "Frateri, jumuiya yetu haina viboko." Kweli, haina. Ina kitu kinachouma zaidi. "Asiyetii uamuzi wa jumuiya, hatutaenda kusali kwake." "Hatapewa barua ya kubatizia mtoto." "Akifa, tusimzike." Hilo la mwisho linasemwa, tena mbele ya watoto. Kwa mtu wa Mbinga, kuambiwa utazikwa na familia yako tu, bila jumuiya, bila padre, bila nyimbo, ni kiboko ambacho kovu lake halionekani.

Basi mjue sheria. Kanuni 1184 ya Sheria za Kanisa inataja wachache sana wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioikana imani hadharani, waliochagua kuchomwa moto kwa chuki dhidi ya imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekwaza waamini, tena kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Na pakiwa na shaka, wa kuulizwa ni askofu. Mwenyekiti wa jumuiya hayumo. Katekista hayumo. Mama aliyekataa kumwachia shemeji shamba hayumo kabisa! Kanuni 213 inasema waamini wana haki ya kupata kwa wachungaji wao msaada wa Neno na wa sakramenti. Haki. Mtu hawezi kugeuza haki ya mwenzake kuwa fimbo ya kutekelezea uamuzi juu ya mpaka wa shamba.

"Lakini Yesu mwenyewe, Mathayo 18, si alisema asiyesikia hata Kanisa awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru?" Alisema. Na aliyeandika Injili hiyo, kwa mapokeo yetu, alikuwa nani? Mtoza ushuru. Aliitwa akiwa kwenye meza ya kodi, na jioni ile Yesu alikula nyumbani kwake. Ukitaka kumtendea mtu kama mtoza ushuru kwa mfano wa Yesu, utalazimika kwenda kula naye. Wazee wa sengu wangelielewa andiko hili haraka kuliko sisi.

Tena Bwana wetu aliwahi kuletewa kesi ya urithi kabisa, Luka 12:13. Mtu anamwomba amwambie ndugu yake wagawane. Kesi nyepesi, ya wazi, na hakimu asingeweza kupatikana bora zaidi duniani. Yesu anakataa. Anauliza nani amemweka kuwa mgawanyaji juu yao. Kisha hakumfukuza, aligeukia ule uchoyo uliowafikisha pale na kuanza kuusema. Naona katika tendo hilo mpaka wote wa kazi yetu. Nani achukue upande gani wa shamba, kuna wenye kiti chao. Kwa nini ndugu wawili wamefika mahali pa kugombania shamba, hilo ni letu, na hakuna hakimu wa serikali atakayeliuliza.

Serikali yenyewe imeanza kuelekea huko. Zamani Baraza la Kata liliamua kesi za ardhi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu. Lina siku 30, likishindwa, mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwenye kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la watu saba, watatu kati yao wanawake. Nawauliza kwa upole: wazee waliokaa na yule mjane wa mfano wetu, wanawake walikuwa wangapi? WAWATA wapo katika kila parokia. Kwenye kesi wako jikoni.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na anayesema kumpeleka ndugu mahakamani ni dhambi moja kwa moja. Kanuni 1446 inatuhimiza, na maaskofu hasa, kuepusha mashauri kadiri inavyowezekana, lakini inaweka sharti katikati ya sentensi: haki isivunjwe. Na wakati mwingine mahakama ya dunia huyasikia Maandiko vizuri kuliko sisi. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Mama huyo, wa kule Bukoba, aliachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, akaiuza. Mpwa wake akaenda mahakamani kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema Katiba hairuhusu ubaguzi huo, mwanamke ana haki ileile ya mwanaume. Mabinti wa Selofehadi wangeshangilia. Sijui ni vikao vingapi vya jumuiya vingewapa mabinti hao jibu alilolitoa Mungu.

Kuna kesi ambazo jumuiya isiziguse kabisa, hata kwa dakika tano. Mtoto amebakwa. Binti wa shule amepewa mimba na mtu mzima. Mke amevunjwa mkono. Hizo ni jinai, za polisi na mahakama, siku hiyohiyo. "Tuyamalize kifamilia", mbuzi mmoja na kreti la soda, halafu wote tuseme Baba Yetu? Hapana. Hapo mwenye kupatanisha anakuwa mshiriki.

Mengine yote, ya nyavu, ya deni la kahawa, ya matusi kisimani, ya mpaka, leteni jumuiyani, ni mahali pake. Ila tujue hata watakatifu walichoka kwa kazi hii. Agostino, ambaye seminari kuu ya Peramiho ina jina lake, akiwa askofu wa Hippo alisikiliza kesi za watu asubuhi hadi saa ya kula, na mara nyingine siku nzima bila kula. Posidio aliyeishi naye ndiye aliyeyaandika. Aliona ni bora kuamua kati ya watu asiowajua kuliko kati ya marafiki: katika wageni wawili atampata rafiki mmoja, yule aliyempa haki, katika marafiki wawili atampoteza mmoja. Kwenye jumuiya ya kaya kumi na tano, wote ni marafiki, wote ni ndugu. Mwamuzi wetu atapoteza mtu kila mara, na asiyekuwa tayari kupoteza ataanza kuamua kwa kuangalia nani ana sauti kubwa.

Kijana, najua hawakuiti kwenye kikao. Ila mara nyingi wanakufanya katibu, kwa sababu una kalamu na simu yenye chaji. Kazi hiyo si ndogo. Andika maneno ya mjane kama alivyoyasema, usiyafupishe. Omba shemeji na shahidi wake wasikilizwe mmoja mmoja, mwingine akiwa nje. Mwenyekiti akisema "basi tumekubaliana", uliza kwa heshima, "Mzee, mama naye amekubali?" Kama hajakubali, andika kwamba hajakubali, mwandikieni mahali pa kwenda, na mtu mmoja amsindikize.

Na Jumamosi inayofuata ratiba ya kusali isibadilike. Kama ilikuwa zamu ya nyumba ya mama huyo, ni kwake. Wiki inayofuata kwa shemeji.